Vichaka vya maua kwenye ndoo, chungu na uwanja mdogo: mwongozo kwa Dodoma

Kabla hujanunua mche, hesabu ndoo. Tangu mvua inapokata mwezi wa tano hadi inaporudi mwishoni mwa Novemba au Desemba, nyumba yako inaweza kutenga ndoo ngapi za lita 20 kwa wiki kwa ajili ya maua tu, baada ya jikoni, kufua na kuoga? Wengi huanza na rangi ya ua, kisha Septemba inawakuta wanachagua kati ya kumwagilia na kudeki. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote ndani ya miezi mitano, na hata humo Februari mara nyingi huacha pengo la wiki mbili tatu bila tone. Miezi inayobaki, kichaka kilichomo kwenye chombo kinaishi kwa mkono wako.

Viwango vifuatavyo ni vya Oktoba, mwezi ambao jua, joto na upepo vinakuja pamoja, kwa mmea uliokomaa kwenye chombo cha lita 20:

- Waridi la jangwani (Adenium obesum): lita 1 hadi 1.5 kwa wiki.
- Taji la miiba (Euphorbia milii): lita 1 kila baada ya siku nne.
- Bogenvilia ya aina fupi: lita 2, leo unampa, kesho unamruka.
- Haibiskasi: lita 2 kila siku.
- Waridi dogo la kawaida: lita 2 kila siku.
- Asumini: kama haibiskasi, ila hupungua kidogo ikipata kivuli cha alasiri.

Juni na Julai, baridi inapoingia, punguza karibu nusu. Kwa hiyo mwenye ndoo tatu kwa wiki, yaani lita 60, anaweza kutunza bogenvilia nne, waridi la jangwani manne, taji la miiba manne na waridi dogo moja, na hatakwama. Akitaka haibiskasi sita peke yake, zitakula lita 84 kwa wiki, na mwezi wa kumi zitaangusha vichanua vyote kabla havijafunguka. Panga hivi kwanza, ndipo uende kwenye vitalu vya kando ya barabara.

Tabia za kila mmoja

Waridi la jangwani limezaliwa kwenye ukame wa nchi hizi. Shina lake nene ni tangi la maji. Shina likiwa gumu ukilibonyeza, lina akiba. Likilegea kama embe bivu wakati udongo ni mkavu, lina kiu. Likilegea udongo ukiwa umelowa, limeoza, na hapo maji zaidi yanalimaliza. Utomvu wake ni sumu kali. Wahadzabe wa bonde la Eyasi huupika kupata sumu ya mishale, basi usiuchukulie kama utomvu wa papai. Nawa mikono baada ya kukata, na chungu kikae mahali mtoto anayetambaa na mbuzi hawafiki. Nunua mche wa kitalu uliooteshwa kwa mbegu, usichimbe wa porini: huo wa porini hukua polepole mno, na ukikatwa mizizi ovyo mara nyingi huoza.

Taji la miiba linachanua karibu mwaka mzima na ndilo linalosamehe makosa mengi zaidi. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Vaa glavu.

Bogenvilia ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kile kinachong'aa kwa rangi ya zambarau au chungwa ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli kidogo cheupe katikati. Ndiyo maana rangi hudumu wiki nyingi. Bogenvilia inayonyweshwa kila siku na kulishwa samadi nyingi huota matawi marefu na majani ya kijani tu, bila rangi. Inataka iwe na kiu kidogo na mizizi yake ibanwe. Kitaluni omba aina fupi zenye pingili za karibu karibu. Zile za kupanda ukutani ukizitia kwenye ndoo utazipogoa kila mwezi bila kupumzika.

Haibiskasi na waridi ni za mwenye maji ya uhakika. Lantana acha, hata kama inachanua vizuri na haina gharama: ndege hula matunda yake na kuisambaza, na inakotapakaa hufukuza majani ya malisho.

Jua liko wapi

Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzo wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba, jua la mchana liko upande wa kaskazini wa nyumba. Oktoba hadi Machi linahamia kusini. Chungu ulichokiweka ubavu wa kusini mwezi wa kwanza, kikiwa kinachanua, kitaingia kivulini miezi yote ya kiangazi na utadhani kimerogwa. Vichaka vyote vya hapa vinahitaji saa sita za jua au zaidi. Weka vyungu upande wa kaskazini au mashariki, au ukubali kuvihamisha mara mbili kwa mwaka.

Ukuta wa magharibi ni tanuri. Saruji hunyonya joto la alasiri na kulirudisha hadi usiku. Hapo weka waridi la jangwani peke yake.

Upepo wa kiangazi huja zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na katika maeneo mapya yenye nyumba chache na miti michache kama Iyumbu au Mtumba unakausha jani kuliko jua lenyewe. Usijibu kwa ukuta mzima, maana upepo huruka ukuta na kuanguka kwa nguvu nyuma yake. Uzio wa matete au neti ya kivuli unaopitisha nusu ya upepo unafanya kazi nzuri zaidi.

Chombo

Kina na upana wa sentimita 30 ndicho kiwango cha chini kwa kichaka kinachokaa miaka miwili. Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha, ikioshwa mpaka harufu iishe. Waridi la jangwani linapenda beseni pana la sentimita 35 hadi 40 lenye kina cha sentimita 20 tu, kwa sababu mizizi yake hutanuka pembeni na udongo wa chini unaobaki na unyevu huiozesha.

Toboa matundu matano yenye upana wa kidole kidogo kwa nondo iliyopashwa moto: manne pembeni mwa kitako na moja katikati. Tundu moja la katikati huziba, na ndoo inageuka kisima.

Kokoto chini ya udongo usiweke. Ni desturi ya zamani, lakini maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hukusanyika juu ya kokoto mpaka udongo ulowe kabisa, kwa hiyo mizizi inakaa kwenye tope iliyo juu zaidi kuliko kama kokoto zisingekuwepo. Kipande cha neti ya dirishani juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua na kupoza mizizi, lakini hukausha haraka. Ndoo nyeusi inahifadhi maji ila mizizi ya upande wa jua huungua: ipake rangi nyeupe, ivalishe kiroba, au ichomeke ndani ya chombo kikubwa zaidi. Chungu kipya cha saruji kinatoa chokaa inayodhuru haibiskasi na waridi. Kijaze maji, yamwage na kubadilisha kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili, ndipo upande.

Kila chombo kikae juu ya matofali mawili. Maji yatoke, hewa ipite, na mchwa wasipande kupitia matundu.

Udongo

Udongo mwekundu wa kichanga wa Dodoma ukiwa peke yake kwenye ndoo hushikana kama tofali baada ya miezi mitatu. Udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi: ukilowa ni gundi, ukikauka unapasuka na kukata mizizi.

Kwa bogenvilia, haibiskasi, waridi na asumini, pima kwa ndoo ndogo:

1. Udongo mwekundu uliochekechwa, sehemu 2.
2. Mchanga mkubwa wa korongo, sehemu 1. Uoshe kwanza, maji yakitoka ya chumvi, tafuta mwingine.
3. Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza miezi mitatu au zaidi, sehemu 1.
4. Maganda ya karanga yaliyooza, sehemu 1. Yakiwa mabichi yanaita mchwa na kuunyang'anya mmea naitrojeni yanapooza, na majani yatakuwa ya njano.

Kwa waridi la jangwani na taji la miiba: mchanga mkubwa sehemu 2, vipande vya mkaa au matofali vya ukubwa wa punje ya hindi sehemu 1, udongo mwekundu sehemu 1, samadi nusu sehemu. Ukikamata mchanganyiko wenye unyevu na kuuachia, usambaratike. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

Samadi iliyoiva haina harufu ya zizi na haina joto ukiingiza mkono. Ya mbuzi iliyo mbichi ina chumvi nyingi. Pamoja na maji yetu, inaunguza.

Kupanda

Mche uliokuzwa Morogoro, Moshi au Dar es Salaam umezoea hewa yenye unyevu. Ukiushusha garini na kuuanika juani siku hiyo hiyo, majani yanakauka ncha na kupukutika. Siku nne za kwanza ukae kivulini, siku tatu zinazofuata upate jua hadi saa 4 asubuhi, kisha tatu hadi saa 6 mchana, ndipo siku nzima.

Unaponunua, inua kiriba na utazame chini. Mizizi minene iliyotoboa na kuingia ardhini ina maana mche umekaa kitaluni muda mrefu, na ukiung'oa unaacha nusu ya mizizi pale. Geuza majani: ukiona utando mwembamba au unga mweupe kama pamba, rudisha. Chagua mfupi wenye matawi matatu au manne kuanzia chini, si mrefu wenye fimbo moja yenye ua juu.

Panda jioni baada ya saa 11. Mwagilia kiriba saa moja kabla. Jaza chombo robo tatu, kata kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini kila upande na kukivua taratibu. Bogenvilia isivutwe kamwe: mizizi yake ni myembamba kama nyuzi na hukatika bonge likivunjika, na mche unaweza kufa ukiwa na majani mabichi kabisa. Shina libaki kwenye kina kile kile ilichokuwa nacho. Ukilifukia zaidi, gome linaoza. Acha sentimita 4 tupu juu ya udongo, ili maji yasimame na kuzama badala ya kumwagika pembeni. Bonyeza kwa vidole, usishindilie.

Waridi la jangwani na taji la miiba vikishapandwa, visipewe maji siku tano, mizizi iliyokatika ifunge vidonda. Vingine vyote mwagilia papo hapo hadi maji yatoke chini.

Tandaza mawe madogo juu ya udongo. Yanapunguza maji yanayopotea kwa jua, na kuku hawachakuri.

Kumwagilia, na chumvi

Hapa ndipo maua mengi ya Dodoma yanapofia, na mara nyingi mwenye nyumba anadhani ni kiu.

Maji yetu kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, ya Makutupora na ya visima vya mitaani, na kisima hadi kisima hutofautiana. Birika likijenga ukoko mweupe, maji yana chokaa nyingi. Yakiwa na ladha ya chumvi ulimini, kuna tatizo kubwa zaidi. Kila unapomwagilia, maji yanapaa, chumvi inabaki. Baada ya miezi kadhaa ukingo wa chungu unaota weupe, ncha na kingo za majani zinakuwa za kahawia kama zimeunguzwa na pasi, na mmea unanyauka ilhali udongo umelowa, kwa sababu chumvi inazuia mizizi kunyonya. Ukiongeza maji kidogo kidogo kila siku, unaongeza chumvi.

Ponya hivi:

1. Usimwagilie kwa vikombe. Mpe mmea kiasi kamili mara moja hadi maji kidogo, kama sehemu moja ya kumi, yatoke chini. Hayo yanayotoka yanabeba chumvi. Usiyarudishe kwenye chungu. Mwarobaini mkubwa hauna neno nayo.
2. Agosti na tena Oktoba, safisha chombo: mimina lita 20 polepole kwenye chombo cha lita 20, kwa awamu nne, dakika kumi kati ya awamu. Waridi la jangwani liache, halinywi maji mengi kiasi cha kujaza chumvi hivyo.
3. Masika, toa vyungu vyote barazani vinyeshewe. Mvua ni dawa ya bure.
4. Kinga maji ya paa. Bati la mita za mraba 20 likinyeshewa milimita 10 hutoa lita 200, na hata ukipoteza moja ya tano unabaki na 160. Yatunze kwa haibiskasi na waridi, ambazo ndizo zinazoteswa na chokaa.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya kufulia kwa sabuni ya unga hayafai, yana sodiamu inayogandisha udongo. Yenye jiki usithubutu.

Mwagilia kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Kipimo ni kidole: kiingize hadi kiungo cha pili. Haibiskasi, waridi na asumini vinyweshwe kidole kikitoka na unyevu kidogo. Bogenvilia kikitoka kikavu. Waridi la jangwani siku mbili tatu baada ya hapo. Udongo ukishakauka kabisa na kuachana na ukuta wa ndoo, maji hupita pembeni na kutoka chini huku katikati kukiwa kukavu. Hapo ichovye ndoo nzima ndani ya beseni la maji nusu saa.

Kupogoa ili kibaki kifupi

Mkulima wa zabibu hana haja ya kuambiwa haya: tawi la zamani halileti kitu, chipukizi ndilo linalozaa. Bogenvilia, haibiskasi na waridi zote huchanua kwenye matawi mapya.

Mche mchanga ukifikia sentimita 20, kata ncha juu ya jani la nne au la tano. Yatatoka matawi mawili au matatu. Yakifikia sentimita 15, kata ncha zake pia. Utakosa maua kwa miezi miwili, na hapa wengi hukosa uvumilivu, lakini kichaka kisichokatwa ncha utotoni kitakuwa fimbo maisha yake yote.

Bogenvilia ipunguze theluthi moja kila rangi inapoisha. Mkato mkubwa ufanye mwishoni mwa Aprili, kisha punguza maji; rangi itarudi ndani ya wiki sita hadi nane. Waridi nalo likate mwishoni mwa Mei hadi sentimita 30, acha matawi manne yenye afya, na kwa mwaka mzima kata kila ua lililofifia juu ya jani lenye vijani vitano. Haibiskasi subiri mwisho wa Agosti joto linaporudi. Ukiikata Juni inakaa uchi wiki nyingi. Mkasi uwe mkali na ufutwe kwa spiriti kati ya mmea na mmea.

Mbolea

NPK 17:17:17, kijiko cha chai kimoja kilicho sawasawa kwa chombo cha lita 20, kila baada ya wiki sita, mbali na shina, kwenye udongo uliolowa. Ukiitia kwenye udongo mkavu, mizizi inaungua. Waridi la jangwani na taji la miiba nusu ya hapo, na kwa masika tu. Usimpe yeyote mbolea Juni na Julai. Urea peke yake inaleta majani, na bogenvilia itakusahau kabisa.

Majivu, ambayo watu huyapenda, yanaongeza chokaa na chumvi kwenye udongo ambao tayari unavyo. Yaache.

Dalili na sababu zake

Majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, hasa haibiskasi: mmea haupati madini ya chuma kwa sababu ya chokaa. Tumia maji ya mvua, na mbolea ya majani yenye chuma. Yakiwa ya njano yale ya zamani ya chini, ni njaa ya naitrojeni au maji yamezidi. Kidole kitakwambia lipi.

Majani yenye vumbi la vidoa vyeupe na utando mwembamba chini, Agosti hadi Novemba: utitiri mwekundu. Hupenda ukavu na vumbi. Oga mmea kwa maji ya nguvu chini ya majani kila siku tatu mara nne, kisha puliza sabuni ya maji ya vyombo, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, jioni. Vidukari na wale weupe kama pamba wanakufa kwa dawa hiyo hiyo. Kinga nzuri ni mwarobaini: twanga kilo moja ya majani, loweka usiku kucha kwenye lita 5, chuja, puliza jioni kila wiki. Haiui siku hiyo. Inawakosesha hamu ya kula na inazuia wachanga kukua.

Unga mweupe juu ya majani ya waridi Juni na Julai ni ukungu wa usiku baridi na mchana mkavu. Kata yaliyoathirika na upe nafasi ya hewa. Madoa meusi yanakuja masika, hasa ukimwagilia juu ya majani.

Vichanua vya haibiskasi vikianguka vikiwa vimefumba: kiu ya siku moja tu inatosha. Vipasue viwili vitatu; ukikuta vijidudu vyembamba vinavyokimbia, puliza sabuni.

Ukipanda ardhini

Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, jaza maji, yaache yazame, jaza tena. Mara ya pili yakibaki zaidi ya saa nne, udongo haupitishi. Inua tuta la sentimita 30 kwa matofali badala ya kuchimba zaidi. Changanya udongo uliotoka na ndoo moja ya samadi. Mche na mche sentimita 60 hadi 80, na kutoka ukutani sentimita 50. Panda mwishoni mwa Desemba au Januari, mvua ikishashika, na uwe tayari kubeba maji Februari. Tengeneza kisahani kuzunguka shina, udongo wa katikati uwe juu kidogo ili maji yasiguse gome.

Kuzalisha miche yako

Machi ni mwezi mzuri. Bogenvilia: kipande cha unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, pingili nne, mbili ziingie mchangani. Haibiskasi sentimita 12, jani moja libaki na likatwe nusu. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini, na usivute kuangalia mizizi. Subiri wiki sita hadi nane. Majani mapya peke yake si ushahidi, kwani kipande huchipua kwa akiba yake kabla hakijaota mizizi. Taji la miiba: sentimita 10, ioshe utomvu kwa maji, ianike kivulini siku tano, ndipo uchomeke kwenye mchanga mkavu na uanze maji baada ya wiki. Waridi la jangwani lioteshe kwa mbegu mbichi za mwaka huo. La kipandikizi huota vizuri, ila mara chache hupata lile shina nene la chini ambalo watu wanalipendea.